Mshauri Mkuu wa Tangawizi

Jumanne, 3 Juni

Leo bahati imeniita kwa jina. Nilikwenda Ofisi ya Kilimo kumtafuta mtu anayenikwepa tangu mwaka jana, nikakuta tangazo limebandikwa mlangoni, gundi bado mbichi. Serikali inatoa ruzuku kwa vikundi vya wakulima wanaotaka kutangaza mazao yao kwa wanunuzi wa nje. Watalipia kupima mazao maabara. Watalipia mifuko na kusafirisha sampuli. Halafu, na hapa nimesoma mara tatu, mara ya tatu kwa kidole, watatoa tiketi ya ndege kwa mwakilishi mmoja wa kikundi aende kwenye maonyesho ya kilimo ng'ambo.

Mwakilishi mmoja! Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Korido tupu. Nikalibandua tangazo nikalitia mfukoni. Huo si wizi, ni kupunguza msongamano.

Mazao yapo. Dada yangu na wanawake wenzake sita wanalima tangawizi na kuikausha kwenye vichanja nyuma ya nyumba. Nyumba ni ya Dada. Mimi nakaa chumba cha uani kwa muda tu. Muda wenyewe umefika miaka sita, lakini baina ya ndugu nani anahesabu?

Kabla ya kurudi nikapitia kwa fundi cherehani anipime koti. Ng'ambo kuna baridi. Fundi, pini mdomoni, akauliza safari lini. Nikamjibu kwamba mambo ya serikali hayatangazwi ovyo.

Jioni nikamweleza Dada mpango mzima, nikitembea huku na huku, mikono nyuma. Yeye alikuwa anachambua tangawizi kwenye ungo na hakuinua kichwa. Nilipomaliza akasema fomu walishajaza yeye na Mwalimu wiki tatu zilizopita, na ofisi imejibu kwamba wamevuka hatua ya kwanza. Akaniuliza kama nimeliona tangazo la kuvikumbusha vikundi vingine, maana Afisa wa ruzuku alimwomba Mwalimu alibandike leo asubuhi.

Nikasema sijaliona.


Alhamisi, 5 Juni

Lazima niandike kuhusu Mwalimu, la sivyo nitapasuka.

Ni mmoja wa wale wanawake sita. Alistaafu zamani, sasa ni katibu wa kikundi. Alinifundisha darasa la nne, na mpaka leo tukikutana anaangalia kwanza kucha zangu. Anaandika mihtasari ya vikao kwa wino wa buluu na kujisahihisha mwenyewe kwa wino mwekundu. Mtu anayejisahihisha peke yake, bila kulazimishwa, si wa kuaminiwa.

Mwakilishi bado hajachaguliwa. Watapiga kura Alhamisi ijayo. Nikaenda kuomba uanachama. Mwalimu akafungua katiba ya kikundi, akasoma kwa sauti ya darasani: mwanachama ni mwenye kichanja chake na aliyekausha tangawizi si chini ya msimu mmoja. Nikamwambia mimi mchango wangu ni ubongo. Akapekua katiba mbele na nyuma, akasema ubongo haujatajwa.

Dada akanionea huruma. Akasema basi niitwe mshauri, na hata nikitaka kugombea safari nigombee, wanachama wataamua. Mwalimu akaliandika hilo shingo upande.

Mshauri! Moja kwa moja dukani kwa mchapaji wa kadi. Nimechapisha mia moja: "Mshauri Mkuu wa Masoko ya Nje." Mchapaji akauliza wapo washauri wangapi chini yangu, mpaka niwe mkuu. Nikamwambia hilo linashughulikiwa.


Jumapili, 8 Juni

Sikutaka kuandika leo, lakini nimeshindwa kukaa.

Asubuhi nilimkuta Dada bombani, anasugua matope kwenye tangawizi mbichi. Nikasimama karibu naye kwa nia ya kuzungumzia kura. Akaanza yeye. Akasema tarehe ishirini na moja lori la Dalali linakuja. Dalali tunamjua: hashuki wala hazimi injini. Anataja bei kupitia dirisha, na wanawake wanapakia huku moshi wa lori unawaingia puani. Watatu kati yao wamemwambia Dada wamechoka. Kama mpaka siku hiyo hakuna barua ya mnunuzi wa nje, watampa Dalali gunia zote, kisha wang'oe tangawizi warudi kwenye mahindi.

Na Dada peke yake hawezi. Mzigo wa mtu mmoja hakuna mnunuzi wa nje atakayeutazama. Akasema ikishindikana msimu huu atauza shamba aende kukaa kwa binti yake mjini.

Nikamuuliza na chumba cha uani? Akasema shamba huuzwa pamoja na vyumba vyake vya uani.

Aliyasema hayo bila hasira, anaendelea kusugua. Nikaviangalia vichanja. Vilijengwa na Shemeji, Mungu amrehemu, kwa mikono yake. Kile cha mwisho hakukimaliza, na hakuna aliyekigusa tangu hapo. Nakumbuka aliniomba nimshikie mti mmoja wakati anapigilia misumari, nami nikamwambia nina miadi muhimu. Siikumbuki miadi ilikuwa ya nini. Labda ni ule mwaka nilipojaribu biashara ya uyoga.

Nimekata kauli. Nitamwokoa Dada, shamba lake na vichanja. Chumba pia, kwa kuwa kipo hapo hapo.


Jumatatu, 9 Juni

Afisa wa ruzuku ametuma maagizo. Kikundi kijaze mifuko miwili ya kilo moja moja kutoka gunia moja, bila kuchagua. Mkono uingie utoke na utakachoshika. Mfuko mmoja ufungwe upelekwe ofisini ukae kabatini. Wa pili kikundi kije nao siku ya kukutana na wanunuzi, Jumatano ya tarehe kumi na nane. Kwa nini miwili? Hata Dada hakujua. Serikali inapenda nakala.

Dada na Mwalimu wakajaza. Mwalimu alifumba macho kabisa ili asichague, akachota na kipande cha kamba. Nikapewa mifuko yote: mmoja niupeleke ofisini, maana nilikuwa nakwenda mjini kwa fundi, mwingine nikauweke ndani pasipo na unyevu. Nikapeleka. Karani wa Afisa, dada mpole anayekaa dirishani, akaupokea, akaupiga muhuri, akaufungia kabatini.

Niliporudi nikaufungua ule wa pili chumbani kwangu. Kutazama tu.

Mungu wangu! Vipande vimekunjamana, vya kahawia, vina mizizi kama ndevu na udongo kwenye mikunjo. Nimeishi na tangawizi hii miaka sita bila kuitazama usoni. Hiki ndicho kitu cha kumwonyesha mgeni aliyepanda ndege? Nani anapigwa picha ya paspoti bila kuchana nywele?

Uso umenishuka kwa ajili ya Dada. Halafu wazo likaja.


Jumanne, 10 Juni

Nimefanya kazi leo! Iandikwe.

Dada na wenzake walikuwa shambani kutwa. Nikaingia stoo, nikafungua gunia moja baada ya jingine, nikachagua vidole vya tangawizi vilivyonenepa na kunyooka. Nikaviloweka mpaka ganda likalainika. Nikamenya kwa ncha ya kijiko, kimoja kimoja, mpaka vikabaki vitupu na vyeupe. Kisha nikavichovya kwenye maji ya chokaa iliyobaki tulipopaka ukuta. Vikatoka vyeupe pe! Nimevianika juu ya bati la chumba changu, upande usioonekana kutoka nyumba kubwa.

Kuhusu kumenya nina haya ya kusema. Mwanzoni vidole vya mkono havihisi kitu. Baada ya saa moja vinapata joto. Baada ya saa mbili unatafuta ndoo ya maji ukiwa unatembea kwa haraka lakini bila kukimbia, kwa sababu ya heshima. Kisha jicho la kulia likaniwasha, nikalifikicha kwa mkono ule ule.

Sitaandika yaliyofuata.

Dada aliporudi alinikuta nimekaa kizingitini, jicho limevimba. Akauliza limefanya nini. Nikamwambia mdudu ameingia. Akaleta kitambaa cha maji baridi, akakikunja vizuri, akaniwekea. Akasema tangu utoto nikificha kitu huwa navamiwa na wadudu. Tukacheka wote wawili. Mimi nilicheka zaidi ili tulimalize hilo jambo.

Mkono wa Dada una harufu ya tangawizi hata akinawa. Sikuwahi kuligundua hilo mpaka leo, nilipokuwa nimefumba macho.


Alhamisi, 12 Juni

Kura.

Tulikaa chini ya bati la kukaushia, wanawake saba, mimi na kopo la unga lililotobolewa kifuniko. Wagombea wawili. Mwalimu akasema maneno machache: atakwenda, atasikiliza, ataandika, atarudi awasomee. Basi. Nikamhurumia. Zamu yangu nikazungumza juu ya upeo, juu ya mitandao ya biashara, juu ya umuhimu wa kuvaa. Nikagawa kadi. Mmoja akaitumia kujipepea.

Matokeo: Mwalimu sita. Mimi moja.

Moja! Wapo watu wamepata sifuri wakaendelea na maisha. Na hii moja naijua imetoka wapi. Wanawake saba walipiga kura, na kati yao ni mmoja tu aliyezaliwa tumbo moja na mimi. Nilimtazama tu wakati anakunja mkeka, naye akanitazama, nikatikisa kichwa kumshukuru. Akaniuliza kama shingo inaniuma.

Ndivyo alivyo. Hapendi kusifiwa.

Nimekaa nikifikiria. Dunia nzima isimame upande ule, na mtu mmoja aandike jina lako kwenye kikaratasi. Nadhani kwa kura hiyo moja ninaweza kumenya gunia zima.


Jumapili, 15 Juni

Tangawizi yangu imekauka. Nimeimwaga ile ya Dada kwenye debe nyuma ya mlango na kuujaza mfuko kwa hii. Inang'aa. Nimeipanga, vidole virefu juu. Nimeuweka mfuko kwenye kiti na kuutazama kutoka kitandani. Sijawahi kutengeneza kitu kikaisha.

Bado nina imani na safari. Mwalimu ana magoti mabovu, na ndege ina ngazi. Fundi anasema koti limebaki vifungo.


Jumatano, 18 Juni

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Ukumbi wa Ofisi ya Kilimo. Meza zimepangwa kando ya kuta. Hapa ufuta, pale maharage, sisi karibu na feni. Dada alivaa viatu vya kufunga alivyovinunua mwaka aliomzika Shemeji. Mwalimu na daftari lake. Mimi na mfuko.

Mnunuzi wa tangawizi ni mama mfupi, miwani imening'inia shingoni kwa uzi, anafuatwa na mkalimani kijana. Akafika mezani, akaamkia kwa Kiswahili kidogo alichokariri, akaufungua mfuko. Akachukua kidole kimoja, akakivunja, akanusa. Akakitia ncha ya ulimi. Akauliza kupitia mkalimani kama tangawizi imemenywa na kutiwa chokaa.

Nikamjibu kabla mtu mwingine hajapumua. Nikasema ndiyo, kwa mkono, kimoja kimoja, kwa ajili yake.

Yule mama akafunga daftari. Kwa upole, mkalimani akaeleza. Kiwanda chake kinakamua mafuta ya tangawizi. Mafuta yanakaa chini ya ganda. Ukimenya umeyatupa, na chokaa ndiyo kabisa. Alikuwa anatafuta ile ndogo, yenye nyuzi na ganda lake, iliyokaushwa ilivyo. Aliambiwa kikundi hiki kinayo. Labda ameambiwa vibaya. Akashukuru, akageukia ufuta.

Dada aliutazama mfuko. Halafu akatazama vidole vyangu, ambavyo bado vinabambuka ngozi. Mwalimu naye alitazama vidole vyangu, lakini kwake ni mazoea.

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Badala yake nikasikia sauti, na sauti ilikuwa yangu, inasema kwamba mfuko huu sio wetu, na kwamba mambo haya hutokea ofisini, makarani wanachanganya mifuko.

Yule karani mpole alikuwa karibu, anabana karatasi. Mkono wake ukasimama hewani. Nilimwona yule karani akinitazama, na sijui nitaacha lini kumwona.

Afisa hakukasirika. Akasema ndiyo maana wanaweka mifuko miwili. Akatoa ufunguo, akafungua kabati, akaja na mfuko wa Dada. Muhuri mzima, sahihi ya karani juu yake. Akaupasua mbele ya watu.

Harufu! Watu wa maharage waligeuka. Mama wa miwani alirudi mwenyewe, bila kuitwa. Akavunja kipande, kile kibaya, chenye ndevu. Akakinusa akafumba macho. Daftari likafunguliwa tena. Nikasahau yote nikataka kupiga makofi.

Afisa akainua kiganja. Akasema sampuli mbili hazifanani, na kanuni iko wazi: kikundi kilichobadilisha sampuli faili lake linafungwa miaka mitatu. Hakuna ruzuku, na mnunuzi aliyeletwa na ofisi haruhusiwi kuagiza kwao. Isipokuwa mfuko uwe umechezewa na mtu asiye wa kikundi, bila kikundi kujua. Huyo aandike maelezo kwa mkono wake na kutia sahihi.

Feni ilikuwa inapiga kelele. Mwalimu akasema kikundi hakijui. Dada akasema yeye hana la kusema kabla ya mdogo wake kusema.

Nikapewa fomu. Jina. Anwani. Nimefanya nini. Niliandika yote: stoo, kijiko, chokaa, bati. Niliandika pia kwamba karani hana kosa, na Afisa akasema hilo halihitajiki, nikasema libaki. Kisha ikaja nafasi iliyoandikwa "Cheo katika kikundi". Kadi zilikuwa mfukoni, zinanigusa kifuani. Nikamuuliza Afisa kwa sauti ya chini kama naweza kuandika mshauri. Akasema mshauri ni sehemu ya kikundi. Nikiwa mshauri, faili linafungwa.

Nikaandika: Hana.

Herufi nne. Sijawahi kuandika neno zito kama hilo. Nikatia sahihi.


Alhamisi, 19 Juni

Sikulala vizuri. Naendelea na ya jana, maana hayakuishia ukumbini.

Tulirudi kwa miguu kutoka kituoni. Mwalimu mbele, mimi na Dada nyuma. Nikasema samahani. Nikasema nilitaka iwe nzuri. Dada akasema mfuko haukumuuma. Kilichomuuma ni kwamba nilifungua kazi yake ya miaka yote nikaona aibu, kisha nikaificha nyuma ya mlango ndani ya debe. Akasema Shemeji alikuwa akiinusa tangawizi ile kila asubuhi kabla ya chai.

Nikatafuta kitu cha kunishikilia, nikamwambia kwamba angalau naijua ile kura, na sitaisahau.

Dada akasimama barabarani. Akauliza kura gani. Akasema yeye alimpigia Mwalimu.

Tulitembea kidogo. Mwalimu, ambaye masikio hayajastaafu, akaanza kutengeneza mkanda wa mkoba wake. Akasema bila kugeuka kwamba yeye haoni adabu mtu kujipigia kura mwenyewe, na wagombea walikuwa wawili tu.

Kwa hiyo ndivyo. Kura yangu moja duniani nilipewa na Mwalimu, kwa adabu.

Nilikaa na hilo jambo kutwa nzima. Nimejaribu kuligeuza lielekee upande unaofaa na limekataa. Nilikwenda ofisini mchana kumwomba radhi karani. Akasema ameshasahau, lakini akaendelea kubana karatasi kwa nguvu. Nikakaa kwenye benchi mpaka akaniuliza nasubiri nini. Nikamwambia sijui. Akanipa maji.


Jumamosi, 21 Juni

Lori lilifika saa tatu. Injini inanguruma kama kawaida, moshi, kiwiko cha Dalali dirishani. Akataja bei yake.

Hakuna aliyesogea. Wanawake saba wamesimama mbele ya gunia zao, mikono kifuani. Dada akatoa bahasha. Barua ilikuja jana jioni kwa mkono wa Afisa mwenyewe: faili liko wazi, ruzuku imepita, na mama wa miwani anataka gunia zote za msimu huu kwa majaribio, ganda na udongo wake kidogo, kama zilivyokuwa kwenye mfuko wa kabatini. Dada hakuisoma. Aliishika tu mahali ambapo Dalali angeuona muhuri.

Dalali akataja bei nyingine. Akataja ya tatu. Mmoja wa wale watatu waliotaka kurudi kwenye mahindi akamwambia akitaka mazungumzo azime kwanza hiyo injini, wanakohoa.

Akazima! Miaka yote sikuwahi kusikia uwanja ule ukiwa kimya na lori limo ndani. Akashuka, ana miguu mifupi, akaomba kuiona barua, akaisoma, akarudi kupanda akaondoka mtupu.

Walicheka, wakakumbatiana. Mimi nilikuwa kando, karibu na bomba, kwa sababu cheo changu mnakijua. Dada akaja. Akanionyesha kwa kidevu kichanja cha mwisho, kile ambacho Shemeji hakukimaliza, kimeegemea miguu miwili. Akasema nikitengeneze. Nikimaliza ni changu, nianze msimu kama watu wengine, na Mwalimu ameshaandika kwenye muhtasari.

Kwa wino wa buluu, akasema Mwalimu kutoka kule aliko.

Nililia. Macho yote mawili safari hii, na sikuwa nimeshika tangawizi.


Alhamisi, 26 Juni

Kichanja kimesimama! Kimeinama kidogo upande wa bomba, lakini kimesimama. Dada amenipa kapu la kwanza nianike.

Koti limeisha. Dada akaniomba nimwazime Mwalimu kwa safari ya Oktoba, maana kule baridi na yeye hana. Limemkaa mabegani kuliko linavyonikaa mimi. Iliniuma, kisha nikalifikiria kwa utulivu. Koti langu litapanda ndege. Nimelipangusa vizuri, nikatia kadi arobaini kwenye mfuko wa ndani, ule wa siri.

Kuhusu yaliyopita, nimetafakari sana, na nimejifunza. Nakiri kosa langu. Nilimpa mnunuzi uzuri, kumbe yeye anataka ubaya. Kosa hilo halitarudiwa.

Sasa tatizo lililopo ni hili: tangawizi aliyonipa Dada imenenepa, imenyooka, ina ngozi laini. Ukiiweka karibu na ya Mwalimu inaonekana kama imetoka harusini. Mama wa miwani akifungua gunia langu si atafunga daftari? Na hapo Dada atapata hasara kwa ajili yangu mara ya pili. Siwezi kuruhusu hilo.

Kwa hiyo tangu mchana niko nyuma ya chumba changu, upande usioonekana kutoka nyumba kubwa. Nimekoroga udongo wa bombani na masizi ya sufuria. Nasugua kidole kimoja kimoja kwa brashi ya waya mpaka kitoke nyuzi, kisha nakikunja kidogo, kisha nakipaka. Vinatoka vibaya sana. Nadhani sijawahi kuona tangawizi mbaya kama hii, na Mwalimu akiiona atajua nani mwanachama. Nimebakiza nusu kapu.

Dada amepita na ndoo sasa hivi. Akasimama, akaniuliza jicho limefanya nini.

Nikamwambia mdudu ameingia. Amekwenda kuleta kitambaa.